Kutumia Vipimo vya Ubongo na Mwili katika Utafiti wa Mifumo ya Taarifa: Mwongozo kwa Mtafiti wa Tanga

Mtafiti wa mifumo ya taarifa anayetaka kujua kama wakazi wa Tanga husoma skrini ya uthibitisho kabla ya kutuma pesa kwa simu ana njia nyepesi ya kuanzia, nayo ni kugawa hojaji. Majibu yatarudi mapema, na wengi watajibu kwamba hulitazama jina la mpokeaji, huhakiki kiasi, ndipo waingize namba ya siri. Watu hao hao hupokea ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na miongoni mwao wapo wanaotuma. Ni katika pengo hilo, kati ya kauli ya mtu na kitendo cha kidole chake, ambapo mbinu za sayansi ya ubongo na utambuzi zinaweza kumsaidia mtafiti. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitumia kwa vifaa vya wastani, katika mji wa pwani wenye joto na unyevunyevu, na kwa washiriki ambao wengi wao hawajawahi kuketi mbele ya kifaa cha utafiti.

Uwanja huu hujulikana kimataifa kwa jina la NeuroIS, jina lililoanza kutumika mwaka 2007 katika andiko la Angelika Dimoka, Paul Pavlou na Fred Davis. Davis ndiye aliyechapisha mwaka 1989 modeli ya ukubalifu wa teknolojia, ile ya manufaa na wepesi wa kutumia, ambayo imejaa katika tasnifu za vyuo vyetu. Inafaa kukumbuka kwamba mtu aliyetupatia maswali ya hojaji yanayonakiliwa kila mwaka alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutafuta kitu cha kuyaongezea nguvu. Tangu mwaka 2009 watafiti wa uwanja huu hukutana nchini Austria, na mikutano ya mwanzo ilifanyika katika mji mdogo wa Gmunden.

Faida ya mbinu hizi inaonekana vizuri katika utafiti wa Anthony Vance na wenzake uliochapishwa mwaka 2014. Waliwauliza washiriki jinsi wanavyoziona hatari za usalama wa kompyuta, wakapima umeme wa ubongo wao walipokuwa wakicheza mchezo wa karata wa kubahatisha, kisha wakaangalia walivyoyashughulikia maonyo ya usalama kwenye kompyuta. Kabla washiriki hawajakumbwa na shambulio la kuigiza la programu hasidi, majibu ya hojaji hayakuweza kutabiri tabia yao, ilhali mawimbi ya ubongo yaliitabiri. Baada ya shambulio hilo hojaji nazo zilianza kutabiri. Kwa usomaji wangu, maana yake ni kwamba hojaji hupima vizuri jambo ambalo mtu amekwisha kulazimika kulifikiria, na huwa dhaifu kwa lile analolipita bila kulitia maanani.

Swali kabla ya chombo

Mapendekezo mengi ya utafiti huharibika katika kichwa chake, pale mwandishi anapoandika kwamba atatumia kifaa fulani "kuchunguza matumizi ya pesa za simu". Kifaa hakichunguzi matumizi; hupima badiliko moja la mwili, na maana ya badiliko hilo hutoka katika kazi aliyopewa mshiriki. Kwa hiyo mtafiti aanze kwa kulivunjavunja swali lake. Swali la skrini ya uthibitisho lina maswali manne ndani yake: je, jicho lilifika kwenye jina la mpokeaji? Je, ubongo ulitambua kwamba jina hilo silo lililotarajiwa? Je, utambuzi huo uliusisimua mwili? Na mwisho wa yote, je, mtu aliusitisha muamala au aliendelea? La kwanza hujibiwa na kamera ya kufuatilia macho, la pili na mawimbi ya ubongo au mboni ya jicho, la tatu na ngozi ya kiganja, la nne na kumbukumbu za mfumo wenyewe.

Mgawanyo huu una faida ya moja kwa moja kwa mbunifu wa mfumo. Ikiwa macho hayafiki kwenye jina, tatizo ni mpangilio wa skrini. Ikiwa yanafika na ubongo hautambui tofauti, yamkini mtu amezoea mno skrini hiyo kiasi kwamba anaitazama bila kuiona, na dawa yake ni kubadilisha sura ya onyo kila baada ya muda. Ikiwa anatambua, anashtuka, kisha bado anathibitisha, basi tatizo limetoka nje ya skrini. Huenda mtu anaona aibu kumchelewesha wakala, au anaogopa kwamba mdai wake amebadilisha namba kweli. Hapo vifaa vikae kando, naye mtafiti akamhoji mtu huyo kwa upole.

Yapo maswali ambayo hayahitaji vifaa hivi hata kidogo. Anayetaka kujua kwa nini wenye maduka wa Ngamiani wanapendelea mtandao mmoja wa simu kuliko mwingine awaulize. Wanajua, na watamwambia. Kwa upande mwingine, mtafiti anayeshughulikia mawakala wa forodha wa Bandari ya Tanga, ambao hukaa mbele ya mfumo wa kielektroniki siku nzima wakisubiri mizigo ithibitishwe, anaweza kupata faida katika kupima kotiso (cortisol), homoni ya msongo, kwa kutumia mate. René Riedl na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba kompyuta inapogoma mtu akiwa katikati ya kazi, homoni hiyo huongezeka, na hilo ni jambo ambalo mhusika mwenyewe hawezi kuliripoti kwa kipimo.

Kuchagua kipimo

Kuhusu fMRI, mashine ya kupiga picha za ubongo unaofanya kazi, nitasema machache, kwa sababu watafiti wengi wa Tanga hawataitumia. Mashine hiyo hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo, huonyesha mahali kwa usahihi wa milimita chache, lakini ishara yake hufikia kilele takriban sekunde 5 hadi 6 baada ya tukio, na mshiriki hulala ndani ya sumaku kubwa bila simu wala kitu cha chuma. Dimoka aliitumia katika utafiti wa mwaka 2010 kuonyesha kwamba kumwamini muuzaji wa mtandaoni na kutomwamini hushughulikiwa na maeneo tofauti ya ubongo, jambo ambalo hojaji peke yake isingeweza kulithibitisha. Matokeo ya namna hiyo yasomwe na kutumiwa katika kujenga nadharia tete, bila mtafiti kudhani kwamba asipokuwa na mashine hiyo hana la kufanya.

Kwa mazingira yetu, ningemshauri anayeanza achague kamera ya kufuatilia macho. Bei yake imeshuka, haimgusi mshiriki, na matokeo yake ni rahisi kuyaeleza kwa meneja wa kampuni au afisa wa halmashauri. Kamera inayochukua picha 60 kwa sekunde inatosha kujua jicho lilitua wapi na kwa muda gani, kwa kuwa mtuo wa jicho katika kusoma huchukua kwa kawaida milisekunde 200 hadi 300. Haitoshi kwa anayetaka kupima kasi ya mruko wa jicho wenyewe. Usahihi nao una mpaka. Kamera nzuri hukosea kwa takriban nusu digrii, na nusu digrii kwa mtu aliyekaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini ni karibu nusu sentimita. Mistari ya maandishi kwenye simu ndogo hukaribiana zaidi ya hapo, kwa hiyo mtafiti anayedai kwamba mshiriki alisoma mstari wa jina na kuuruka mstari wa kiasi anaweza kuwa anasoma kosa la kamera. Suluhisho ni kutengeneza mfano wa skrini uliokuzwa kwenye kompyuta, au kuitenganisha mistari kwa nafasi ya kutosha, na kukiri katika ripoti kwamba skrini haikuwa ile halisi.

Kamera hiyo hiyo hupima upana wa mboni. Mboni hupanuka akili inapobebeshwa mzigo, jambo lililoonyeshwa tangu miaka ya 1960 na Daniel Kahneman na Jackson Beatty kwa kuwapa watu mfululizo wa tarakimu wazikumbuke. Lakini upanuzi huo kwa kawaida haufiki hata nusu milimita, ilhali mwanga peke yake unaweza kuibadilisha mboni kutoka milimita 2 hadi 8. Skrini nyeupe ikifuatwa na skrini nyeusi, mtafiti atakuwa amepima mwanga na kuuita fikra. Skrini zote za jaribio ziwe na mng'ao sawa, madirisha yafungwe pazia zito, na taa ya chumba isibadilishwe kati ya mshiriki mmoja na mwingine. Mshiriki aliyepaka wanja mzito aombwe mapema, kwa simu, aje bila wanja siku hiyo, kwa sababu weusi wake unaweza kuichanganya kamera inapoitafuta mboni.

EEG hunasa umeme wa ubongo kupitia elektrodi zinazowekwa kichwani. Hans Berger alifanya hivyo kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani, na kipimo hicho hakijapata mshindani katika kufuata wakati, kwani husoma mabadiliko ya milisekunde. Kwa swali letu, wimbi linalofaa ni P300, ambalo hutokea kuanzia takriban milisekunde 300 baada ya mtu kuona kitu adimu chenye maana kwake. Jina geni mahali pa jina lililotarajiwa ni kitu cha aina hiyo. Udhaifu wake ni kwamba wimbi moja humezwa na kelele za umeme mwingine wa ubongo na misuli, hivyo huhitajika marudio mengi, makumi kwa kila hali, ili wastani wake uonekane.

Upitishaji umeme wa ngozi hupima jasho dogo la kiganja linalotokana na msisimko. Mwitikio wake huanza sekunde 1 hadi 3 baada ya kichocheo na huchelewa kutulia, hivyo vichocheo viachane kwa sekunde 10 hivi. Hapa ndipo watafiti wengi hujifunga wenyewe: EEG hutaka marudio mengi ya harakaharaka, ngozi hutaka machache ya polepole, na jaribio moja linalojaribu kuyaridhisha yote mawili humchosha mshiriki na kuharibu vyote. Bora kuyafanya majaribio mawili, au kuchagua.

Joto, nywele na umeme

Vitabu vya mbinu vimeandikwa na watu wanaofanya kazi katika vyumba vya baridi, kwa hiyo sehemu hii mtafiti wa Tanga lazima aifikirie mwenyewe. Mshiriki aliyefika kwa bodaboda saa nane mchana wa kaskazi ana jasho mwili mzima, na ngozi yake itaonyesha msisimko hata kabla hajaona kitu. Jasho la kichwani nalo huyumbisha mawimbi ya EEG polepole, juu na chini. Apewe maji, akae katika chumba chenye kiyoyozi kwa dakika 20 hivi, na joto la chumba liandikwe kwenye fomu ya kila mshiriki. Feni isielekezwe kwake, kwa sababu hukausha jasho bila mpangilio na kutikisa nyaya. Anayeweza kuchagua majira akusanye data miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti. Kabla ya kuweka elektrodi za ngozi mshiriki anawe mikono kwa maji matupu, bila spiriti, na elektrodi zikae kwenye mkono asiobonyezea. Kama kazi inahitaji mikono yote miwili, unyayo hufaa pia.

Nywele ni suala la mbinu na pia la haki. Kofia nyingi za EEG zilibuniwa kwa nywele laini, na elektrodi zake hazifiki kwenye ngozi ya kichwa chenye nywele nzito za kipilipili, rasta au nywele za kuongezea. Matokeo yake, watafiti wengi huwaacha watu hao kimyakimya, na sampuli hubaki na wanaume walionyoa. Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha mwaka 2020 muundo wa elektrodi zinazojibana katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa kufuata nafasi za kipimo. Asiyekuwa na elektrodi hizo bado anaweza kutumia wazo lenyewe: kumlipa msusi amsuke mshiriki twende kilioni, mistari ikipita kandokando ya nafasi zinazohitajika, na kumwomba asipake mafuta siku hiyo kwa kuwa mafuta huongeza ukinzani wa umeme. Mwanamke anayejistiri apimwe na mtafiti mwanamke katika chumba kilichofungwa, na aelezwe hivyo wakati wa kualikwa, asije akakutana na jambo hilo mlangoni. Vifaa vinavyotumia mwanga wa karibu na infraredi kupima damu ya ubongo vina tatizo la ziada, kwani nywele nyeusi na ngozi nyeusi hufyonza sehemu ya mwanga huo, na mnunuzi adai kifaa kijaribiwe kwa watu wa hapa kabla ya kulipa.

Umeme wa nyumbani nchini mwetu huzunguka kwa hezi 50, na mawimbi yake huingia katika EEG. Kompyuta ya kurekodia iendeshwe kwa betri, chaja iondolewe ukutani, na simu zote zizimwe. Betri hiyo hiyo humwokoa mtafiti umeme unapokatika, ingawa kiyoyozi kikizimika kipindi hicho kisimamishwe na kirudiwe siku nyingine.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha usingizi, chakula na kahawa, hivyo usiwekwe ndani ya ratiba, labda kama mfungo ndio mada yenyewe. Kwa wanaopima kotiso, saa ni muhimu zaidi, kwani kiwango chake hupanda baada ya kuamka na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Washiriki wote wapimwe saa zile zile, na mate yachukuliwe takriban dakika 20 hadi 30 baada ya tukio la msongo.

Kutengeneza kazi ya jaribio

Kila mshiriki alinganishwe na nafsi yake. Watu hutofautiana mno katika jasho, mboni na ukubwa wa mawimbi, hivyo kulinganisha kundi la Chumbageni na kundi la Raskazone kwa wastani wa ishara za mwili kutaleta tofauti ambazo hazina uhusiano na mfumo. Mshiriki mmoja aone skrini ya kawaida na skrini mpya, kwa mpangilio unaobadilishwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine, baada ya dakika chache za utulivu zinazorekodiwa kama kipimo cha msingi.

Kwa P300, jina lisilotarajiwa liwe adimu, mathalani mara 1 kati ya 5. Majina yawe na urefu unaolingana na yawe yanayosikika Tanga: akina Mwanahamisi, Shekiondo, Rajabu, Mhina. Jina refu hukaliwa na macho kwa muda mrefu kwa sababu ya herufi zake tu. Pesa za kuigiza hazimtii mtu wasiwasi. Ni afadhali mshiriki aanze na kiasi kidogo halisi cha posho, ambacho hupungua akikosea, mradi asiondoke na pungufu ya nauli na fidia ya muda aliyoahidiwa.

Swali la mazoea haliwezi kujibiwa kwa kikao kimoja. Vance na wenzake, katika utafiti mwingine wa mwaka 2018, waliwapima watu kwa siku 5 mfululizo na kuongeza jaribio la wiki 3 nje ya maabara, wakaona kwamba mwitikio wa maonyo yasiyobadilika hufifia siku hadi siku, na kwamba maonyo yanayobadilika sura hustahimili zaidi. Asiye na uwezo wa siku tano afanye hata mbili, zilizoachana kwa juma moja.

Vibali na ridhaa

Mwanafunzi aanze na kamati ya maadili ya chuo chake, kisha barua ya utambulisho kwa Katibu Tawala wa Mkoa na kwa mkurugenzi wa halmashauri, na hatimaye ofisi ya serikali ya mtaa. Utafiti unaogusa afya hupitia mapitio ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mtafiti wa kigeni huhitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu wote, na rekodi za mwili wa mtu zichukuliwe kuwa taarifa nyeti: jina litengwe na data tangu siku ya kwanza.

Maneno "tunapima ubongo" huogopesha. Mama wa makamo wa Makorora ana haki ya kujua, kwa Kiswahili cha kueleweka na baada ya kuamkiwa inavyostahili, kwamba kifaa hakiingizi umeme kichwani, hakisomi mawazo, hakitambui maradhi, wala hakijui namba yake ya siri. Namba ya siri ya jaribio iwe ya kubuni, na jambo hilo lirudiwe kwa mdomo hata kama limeandikwa. Kama jaribio linamficha mshiriki jambo, kwa mfano kwamba baadhi ya jumbe ni za kitapeli, aelezwe ukweli wote kabla hajaondoka na aruhusiwe kuondoa data zake.

Uchambuzi na taarifa

Mpango wa uchambuzi uandikwe na kusajiliwa kabla ya mshiriki wa kwanza: elektrodi ipi, dirisha la milisekunde ngapi, kizingiti gani cha mwitikio wa ngozi, na data za namna gani zitatupwa. Sababu yake ni kwamba ishara za mwili zina nukta nyingi mno, na anayetafuta bila mpango atapata. Craig Bennett na wenzake walilithibitisha hilo mwaka 2009 kwa kumweka samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya fMRI na kumwonyesha picha za watu. Bila masahihisho ya kitakwimu ya ulinganishaji mwingi, ubongo wa samaki ulionekana kufanya kazi. Mwaka huo huo ndipo Tanga ilipopata hifadhi yake ya bahari kwa ajili ya silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka kumbe yu hai, na msomaji wa hapa anaweza kuamua ni samaki yupi kati ya hao wawili anayemfundisha zaidi mtakwimu.

Kosa la pili ni hitimisho la kinyume, ambalo Russell Poldrack alilionya mwaka 2006. Kwa kuwa hofu huamsha amigdala, sehemu ndogo ndani ya ubongo, mtu huona amigdala imeamka na kuandika kwamba mshiriki aliogopa. Lakini sehemu hiyo huamka pia kwa mambo mapya na hata ya furaha. Vivyo hivyo mboni iliyopanuka inaweza kuwa ya bidii, mshangao au taa. Tafsiri ikubalike pale tu ambapo kazi ya jaribio iliondoa maelezo mengine, na pale ambapo ishara inakwenda sambamba na kitendo: waliotoa P300 kubwa kwa jina geni ndio waliositisha muamala mara nyingi zaidi, au sivyo?

Katika taarifa ya mwisho itajwe aina ya kifaa, idadi ya picha kwa sekunde, joto la chumba, na idadi ya walioondolewa pamoja na sababu zake, hasa walioondolewa kwa nywele au wanja. Mtoa huduma atakayesoma taarifa hiyo atataka kujua kama skrini mpya itafanya kazi kwa maelfu ya watu wasiovaa elektrodi, na jibu la hilo hupatikana kwa kuiweka skrini hiyo kwenye simu za kundi dogo la watumiaji walioridhia na kuhesabu, katika kumbukumbu za mfumo, miamala iliyositishwa kwenye hatua ya jina.